Uhuru: Setilaiti Iliyopaa Pwani Yetu, na Maswali Iliyotuachia



Ndugu msomaji, kila mwaka jioni ya tarehe 29 Shaaban Mombasa nzima hugeuka kuwa watu wa falaki. Mji wa Kale watu hupanda madarini kutazama magharibi, wazee hupigiana simu, redio hufunguliwa, na mjadala ule ule tunaoujua huanza: tufuate mwezi wa hapa au wa kwingine? Usiku huo hakuna anayeuliza elimu ya mbinguni inatuhusu nini. Lakini Idi ikishapita, kijana akisema anataka kwenda chuo kikuu kusomea nyota, tunamcheka barazani. Ati hayo ni mambo ya Wazungu, yeye akasome uhasibu apate kazi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili ya wanaomcheka. Kuna historia ambayo wengi wetu hatukufunzwa, si shuleni si chuoni. Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa makhsusi kwa kutazama mbingu kwa miale ya eksirei haikurushwa Marekani wala Urusi. Ilipaa kutoka bahari yetu hii, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Mombasa, na jina lake ni la Kiswahili. Ndiyo iliyowapa wanasayansi ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba mashimo meusi yapo kweli. Na maswali iliyoyafungua, mengine mpaka leo hayajapata jibu.

WATU WA PWANI NA NYOTA

Tuanzie nyumbani. Elimu ya nyota haikuja Pwani na roketi. Manahodha waliotia nanga Bandari ya Kale waliishi kwa kuijua kaskazi na kusi, na usiku dira yao ilikuwa mbinguni. Mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, ulihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi ili baharia na mkulima wajue majira, kwa sababu mwaka wa Hijria unatembea na hauwezi kukwambia pepo zitageuka lini. Mkulima naye alikuwa na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ndogo, na jina lenyewe linakwambia kazi yake.

Hebu sikiliza majina ya sayari katika Kiswahili: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari, Zuhali. Yote yametufikia kwa Kiarabu. Karne ya 15 baharia mkubwa Ahmad ibn Majid aliandika kuhusu njia za bahari hii yetu mpaka Sofala, akieleza jinsi ya kupima kimo cha nyota. Watu husema ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kwenda India mwaka 1498, baada ya Wareno kukosa makaribisho mema Mombasa na kupata rubani Malindi. Wanahistoria wengi leo hawaikubali kauli hiyo. Lakini jambo moja halina ubishi: rubani alipatikana Malindi, na meli za Kireno zikavuka bahari kwa elimu iliyokuwa tayari iko huku.

Hapo pia tutofautishe mambo mawili ambayo wazazi wengine huyachanganya. Kupiga bao na kutabiri bahati ya mtu kwa nyota ni jambo jingine, na dini imelikataza. Falaki ni kupima, kuhesabu na kuhakikisha. Ndiyo iliyowapa Waislamu nyakati za sala na mwelekeo wa kibla.

KWA NINI NGOMENI?

Sasa twende mbele mpaka miaka ya 1960. Mhandisi mmoja wa Italia, Profesa Luigi Broglio, alikuwa akitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia setilaiti za nchi yake. Akapachagua Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Baharini yakasimamishwa majukwaa mawili ya chuma, moja likaitwa San Marco na la pili Santa Rita. Kazi ilisimamiwa na Chuo Kikuu cha Roma, na roketi aina ya Scout zikatoka Marekani. Mwaka 1964 zilirushwa roketi ndogo za majaribio. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza, San Marco 2, ikapaa kutoka hapo.

Utauliza, mbona watu watoke Roma waje mpaka kijiji cha wavuvi? Sababu ni mbili, na zote ni rahisi kuzifahamu.

Ya kwanza ni mzunguko wa dunia. Ardhi inajizungusha, na sehemu iendayo mbio zaidi ni ikweta, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki kutoka hapo inakuwa imeshasukumwa kabla hata haijawashwa, kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari linalokwenda. Hivyo roketi ndogo huweza kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Ya pili ndiyo iliyowavutia wanafalaki. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, chini chini, hukwepa eneo moja juu ya Atlantiki ya Kusini ambapo chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini kuliko kwingine. Chembe hizo huvipigia kelele vyombo vya eksirei. Ukitaka kusikia mnong'ono wa nyota, lazima ukae mbali na kelele hizo, na njia ya kuondokea ilikuwa Pwani ya Kenya.

JUMAMOSI, TAREHE 12 DISEMBA 1970

Eksirei unaijua. Ukivunjika mkono ukapelekwa Makadara, ndiyo wanayokupigia picha ya mfupa. Mbinguni pia kuna vitu vinavyotoa miale hiyo, lakini Mwenyezi Mungu ametuwekea hewa juu yetu inayoizuia isitufikie. Kwa viumbe hiyo ni rehema. Kwa mwanafalaki ni pazia, na akitaka kuona nyuma ya pazia hana budi kupanda juu yake.

Mwaka 1962 kundi la wanasayansi, miongoni mwao Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, lilirusha roketi kutoka jangwa la New Mexico. Walitaka kuona kama mwezi unatoa eksirei. Badala yake wakakutana na mwanga mkali wa eksirei kutoka upande wa kundi la nyota la Nge, mahali wasipopatarajia kabisa. Waliutafuta mwezi, wakapata nyota! Lakini roketi ile ilikaa juu ya hewa dakika chache tu kisha ikaanguka. Giacconi akaona hapana budi kuwe na chombo kitakachokaa juu miezi na miaka.

Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo 140 na kidogo. Meneja wa mradi katika shirika la NASA alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend. (Dada zangu, jina hilo mlishike.) Kikaletwa Ngomeni, na tarehe 12 Disemba 1970 kikarushwa na kikosi cha Waitaliano. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine.

Tarehe hiyo kila Mkenya anaijua. Ilikuwa miaka saba kamili tangu bendera ya Kenya ipandishwe mwaka 1963. Kwa hesabu yetu ya Hijria ulikuwa mwezi wa Mfunguo Mosi 1390, Idi ina kama siku kumi na mbili tu tangu ipite. Kwa heshima ya siku hiyo Townsend akaipa setilaiti jina: Uhuru. Na jina hilo ndilo lililoingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima, kwa Kiingereza, Kijapani na Kirusi, bila kutafsiriwa.

MKIA WA KUKU

Uhuru ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kama kumi na mbili, ikipekua mbingu nzima kipande kwa kipande mpaka mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kabla yake vilivyojulikana vilikuwa vichache tu.

Kati ya hivyo, kimoja nakuomba ukitazame kwa makini. Kiko katika kundi la nyota ambalo Wazungu hulifananisha na bata-maji na kuliita Cygnus, lakini Waarabu waliliita ad-Dajaja, yaani kuku. Nyota yake angavu kuliko zote inaitwa Deneb katika ramani za leo. Wewe uliyesoma chuoni utalitambua neno hilo mara moja: ni dhanab, mkia. Mkia wa kuku! Miezi ya Agosti mpaka Oktoba, baada ya sala ya Isha, simama darini utazame kaskazini utaiona, hata kwa macho matupu.

Chanzo chenyewe kinaitwa Cygnus X-1. Kilishaonekana kwa roketi mwaka 1964, lakini Uhuru ikagundua jambo la ajabu: mwanga wake wa eksirei unapepesa, unazidi na kupungua kwa muda usiofika sekunde moja. Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu kitu kikubwa hakiwezi kupepesa upesi hivyo. Nuru yenyewe inahitaji muda kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Kikipepesa kwa sehemu ya sekunde, basi ni kidogo sana, kidogo mno kuliko nyota ya kawaida.

Mwaka 1971 darubini za redio zikasaidia kuonyesha mahali penyewe hasa, na hapo pana nyota kubwa ya buluu. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, kila upande kwa kazi yake, wakaona nyota ile inayumba: inazunguka kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Wakapiga hesabu ya uzito wa kitu hicho. Kikatoka kizito kupita kiasi ambacho nyota iliyokufa inaweza kubeba bila kujiporomokea yenyewe. Kitu kidogo, kizito mno, na hakionekani. Jina lake ni shimo jeusi, mahali ambapo mvutano una nguvu hata nuru haiwezi kutoka.

Basi eksirei zinatoka wapi, ikiwa nuru haitoki? Umewahi kuona maji ya birika la msikiti yanapozibuliwa? Yanazunguka kwenye tundu kabla ya kuzama. Hivyo ndivyo gesi inayovutwa kutoka kwenye ile nyota ya buluu inavyozunguka shimo, inasuguana, inapata moto wa mamilioni ya digrii, na kutoa eksirei kabla haijavuka mpaka wa kutorudi.

Si wote walioridhika haraka. Mwaka 1974 Stephen Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau, Hawking akisema Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakiri ameshindwa. Kamari kwetu ni haramu, lakini kisa kinafundisha: mwanachuoni wa kweli ushahidi ukija hukubali, hata kama ulimi wake ulishatangulia.

Mwaka 2002 Giacconi akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na wenzake wawili waliofanya kazi nyingine. Ndani ya tuzo ile, msomaji wangu, mna chumvi ya bahari ya Ngomeni.

Na Uhuru haikuwa peke yake. Kutoka majukwaa yale yale ilipaa SAS-2 mwaka 1972, iliyotazama miale ya gama, kisha Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975. SAS-2 iliona kitu ambacho darubini nyingine zilikitafuta zisikione. Waitaliano wakakiita Geminga, ambalo katika lugha ya watu wa Milano lina maana ya "hakipo". Ilichukua karibu miaka ishirini kujua kwamba kipo, nacho ni kiini cha nyota iliyolipuka. Setilaiti ya mwisho ilirushwa hapo mwaka 1988, ya tisa kwa hesabu.

MASWALI YALIYOBAKI

Usidhani hadithi imeisha kwa tuzo. Uhuru ilifungua milango, na watu bado wako mlangoni. Nitakutajia maswali matatu.

La kwanza ni mashimo makubwa yanakuaje. Cygnus X-1, kwa vipimo vilivyotolewa mwaka 2021, lina uzito wa majua 21 hivi, mzito kuliko ilivyodhaniwa, na hilo limewafanya wataalamu wapige upya hesabu ya jinsi nyota kubwa zinavyopoteza uzito kabla ya kufa. Mwaka 2015 mawimbi ya mvutano yalinaswa kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mashimo mawili yaliyogongana, moja kiasi cha majua 36 na jingine 29. Lakini hayo ni madogo. Lile la galaksi ya M87, lililopigwa picha iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, ni sawa na majua bilioni 6.5. Letu wenyewe, katikati ya Njia ya Maziwa, ambalo picha yake ilitoka mwaka 2022, ni majua milioni nne. Sasa darubini ya James Webb, iliyorushwa Disemba 2021, inaona mashimo makubwa mno yaliyokuwapo ulimwengu ukiwa bado mchanga. Yalikula nini yakanenepa upesi hivyo? Yalizaliwa makubwa, ama yalianza madogo yakakua kwa kasi tusiyoielewa? Hakuna aliyejibu kwa yakini.

La pili ni maada ya giza. Uhuru ilikuta kwamba katikati ya makundi ya galaksi si patupu: mna gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi ya moto namna ile ingetawanyika zamani kama si kitu kinachoizuia kwa mvutano, na ukijumlisha nyota zote na gesi yote uzito hautoshi. Lazima kuna maada nyingine tusiyoiona. Kwa hesabu za sasa, vitu vya kawaida tunavyovijua, mimi, wewe, bahari na nyota zote, ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu. Maada ya giza ni kama asilimia 27, na iliyobaki huitwa nishati ya giza. Hizo mbili majina tu tunayo. Ni nini hasa, hakuna ajuaye.

La tatu ni ndani ya shimo kwenyewe. Fizikia ina nadharia mbili kubwa, moja ya mvutano na moja ya vitu vidogo kuliko vyote. Kila moja imejaribiwa ikafaulu. Lakini ndani ya shimo jeusi zinagombana, na hesabu zinakataa. Mwenye kuzipatanisha hajapatikana.

NAFASI YETU IKO WAPI?

Hapa nataka tusemezane kama ndugu. Wako wenzetu ambao kila ugunduzi ukitoka husema haraka: hili liko kwenye Qur'ani, shimo jeusi limetajwa Surat At-Takwir, nyota zinazopiga mapigo zimetajwa Surat At-Tariq. Tafsiri ni ya wanazuoni, mimi siigusi. Ninalouliza ni hili tu: mbona sisi husema baada ya mwingine kugundua? Abdurrahman as-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, hakungoja. Alitoka usiku akatazama, akapima, akasahihisha waliomtangulia, na akaandika habari za kile kiwingu kidogo ambacho leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Ibn al-Haytham alifanya majaribio ya nuru kwa mikono yake. Tunalitaja jina lao kwenye mihadhara. Kazi yao je?

Fikiri. Roketi iliondoka kwetu, jina likawa letu, lakini data zilikwenda Massachusetts, na waliozisoma hawakuwa watoto wa Pwani. Hilo si la kumlaumu Giacconi. Mwaka 1970 vijana wetu wangapi walikuwa na hesabu za kutosha kukaa meza ile? Mapema kabla ya hapo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, hapa hapa Mombasa, aliandika katika gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932 akiwahimiza Waislamu wa Pwani waamke kielimu. Nafikiri bado anatuhimiza.

Leo udhuru umepungua. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha falaki na fizikia ya nyota. Mwaka 2018 setilaiti ndogo iliyotengenezwa na chuo hicho pamoja na Chuo Kikuu cha Roma, wale wale wa Ngomeni, iliachiwa angani. Mwaka 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, ingawa safari hii ilibidi ipelekwe California. Na jambo ambalo wengi hawalijui: data nyingi za darubini kubwa za angani hatimaye huwekwa wazi kwenye intaneti, bure. Mwanafunzi aliye Kibokoni mwenye kompyuta na hesabu nzuri anaweza kuzisoma data zile zile anazosoma profesa wa Harvard. Kinachomtofautisha naye ni miaka ya kusoma na subira.

Basi wazazi, mtoto akipenda hesabu na fizikia msimvunje moyo. Walimu wa madrasa, mkifundisha mwezi mwandamo ongezeni robo saa mueleze kwa nini mwezi unaandama, na kwa nini siku nyingine hauwezi kuonekana hata ukodoe macho vipi. Nanyi vijana, mkitoka tarawehe usiku mmoja inueni vichwa. Kule juu mna kazi ambayo bado haijapata mwenyewe, na chombo cha kwanza kuianza kiliondoka kwetu kikiitwa Uhuru.

Ramadhan Karim. Wabillahi tawfiq.